Pezi la kona kwenye haidropleni ya rimoti: boti inashika kona, halafu inaachia

Chombo_Kasi:
Wakuu, naomba msaada wa kuseti pezi la kona, yaani lile bapa linaloshika maji ili boti isiserereke kwenye kona. Boti ni haidropleni ya pointi tatu (kwa kasi hugusa maji kwa sponsoni mbili na propela tu), sponsoni zake, yaani vielea vya pembeni, zimeshikwa kwa mirija, urefu sm 75, mota ya umeme. Maboya tunayazunguka kwa kulia, kwa hiyo pezi liko nyuma ya sponsoni ya kulia, limefungwa kwa bolti mbili za M3. Ni bapa la alumini la mm 1.5, limeshuka mm 50 chini ya sponsoni, limesimama wima. Kitovu cha uzito kiko mm 30 nyuma ya mwisho wa sponsoni.

Nusu mwendo inageuka vizuri. Mwendo kamili inashika mwanzo wa kona, ikifika katikati sponsoni ya kulia inanyanyuka na boti inaserereka kwenda nje. Nikifunga pezi la mm 70 haiserereki sana, ila inakata ghafla, omo (pua ya boti) inachomeka majini, na kwenye mnyoofu inavuta kulia. Nikate hadi urefu gani?

Fundi_Maboya:
Mkuu, msumeno uweke chini kwanza. Shida yako inaanzia kwenye huo wima.

Boti ikikata kulia, uzito wake unataka kuendelea kushoto. Maji yanaukandamiza uso wa ndani wa pezi, ule unaotazama mwili wa boti, na kulisukuma kulia. Msukumo huo uko chini ya kitovu cha uzito, kwa hiyo papo hapo unaibinua boti kuelekea nje. Sponsoni ya kulia inapanda, pezi linapanda nayo, hewa inaingia, linaachia. Ukiongeza urefu unaongeza mshiko, lakini na nguvu ya kubinua unaiongeza.

Dawa ni kuilaza ncha ya chini iingie ndani, chini ya boti. Uso wa ndani ukitazama juu kidogo, maji yanalisukuma pezi kulia na chini kwa wakati mmoja, na sponsoni inabaki imekaa majini. Anza na digrii 5, usizidi 10 kwa sasa. Kwa pezi la mm 60, digrii 5 ni kama mm 5 za mlalo kati ya mzizi na ncha. Digrii 10 ni kama mm 10.5. Pima boti ikiwa juu ya ubao ulionyooka, pezi likining'inia nje ya ukingo, na rula ya pembe mraba ikiegemea chini ya ubao. Pembe itafute kwa kabari nyembamba kati ya pezi na kishikizo chake. Usilikunje bapa lenyewe kwa kona kali kwenye jiriwa, alumini ngumu hupasuka hapohapo kwenye mkunjo.

Kuvuta kulia kuna sababu mbili. Ya kwanza ni ukinzani wa kawaida: pezi refu upande wa kulia linaburuta upande wa kulia. Ya pili ni pezi kutokuwa sambamba na mstari wa kati, makali yake ya mbele yakitazama nje. Vuta uzi kutoka omo hadi tezi (nyuma ya boti) katikati kabisa ya boti, kisha bana rula ya mm 300 kwenye uso wa pezi. Pezi lenye upana wa mm 40 likiwa limepinda nusu milimita tu, hutaiona kwa macho. Kwenye rula inakuwa karibu mm 4. Hapa anza na sifuri, usijaribu kuisaidia boti kwa kupindisha.

Maji_Bapa:
Naunga mkono hoja ya pembe, lakini bapa la mm 1.5 ni jembamba mno kwa boti hiyo. Kwenye kona maji yanaisukuma ncha kwenda nje. Ikipinda kwenda nje, uso wa ndani unatazama chini, na pezi linaanza kuinua sponsoni badala ya kuishikilia. Ndiyo maana nusu mwendo ni sawa: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya maji inazidi mara nne. Hizo digrii 5 utaziseti vizuri mezani na kona itazifuta zote.

Shika boti, sukuma ncha kwa kidole gumba kuelekea nje, kwa nguvu. Ikisogea zaidi ya mm 1, angalia kinachosogea: bapa, kishikizo, au ukuta wa sponsoni. Mara nyingi ni ukuta. Gundisha kipande cha plaiwudi au alumini kwa ndani kwa epoksi, bolti ziwe M4 zenye nati za kujifunga. Pezi lifanye la alumini ngumu mm 2.5, ugumu dhidi ya kupinda unapanda zaidi ya mara nne. Chuma kisichoshika kutu cha mm 2 kinafaa pia, ila kinaongeza uzito upande mmoja.

Halafu hewa. Makali ya mbele noa yawe makali kweli, mteremko wa mm 10 hivi, kwa tupa kisha msasa mlaini. Ukingo wa nyuma uache mraba, usiuviringishe. Pengo dogo kwenye makali, hata la kugonga kokoto, ni mahali pa hewa kuanzia kushuka. Na kwa kuwa ni kisu, ukibeba boti livishe bomba la silikoni lililochanwa kwa urefu.

Chombo_Kasi:
Asanteni sana. Nimesukuma ncha: bapa linapinda, na ukuta unasogea pia. Maswali mawili: kunoa ni upande mmoja au pande zote mbili? Na kulirudisha pezi nyuma kunasaidia hiyo ya kukata ghafla?

Maji_Bapa:
Pande zote mbili, sawasawa. Ukinoa upande mmoja, kwenye mnyoofu pezi linasukumwa kuelekea upande ulio bapa, nawe utaanza kurekebisha usukani kuficha kosa la pezi.

Tezi_Juu:
La nyuma na mbele: ndiyo, linasaidia, ila lifanye mwisho. Pezi lako liko mbele ya kitovu cha uzito, kwa hiyo kila likishika linaingiza omo ndani ya kona. Kadiri lilivyo mbele ndivyo boti inavyokata kwa hasira. Pembe ikishakaa sawa na boti bado inakata ghafla, lirudishe nyuma kwa vipande vya mm 5, usiruke mm 20 mara moja. Kusogeza betri mbele kunapunguza umbali uleule, lakini kunaongeza uzito wa omo, na yako tayari inachomeka.

Kabla ya hapo kagua usukani: uwe wima, sambamba na shafti ukiwa katikati, na usitikisike kwenye pini yake. Punguza pia mzunguko wa sevo, yaani mota ndogo inayogeuza usukani. Usukani kazi yake ni kuianzisha kona. Anayeibeba boti kuzunguka boya ni pezi. Ukiukata sana, tezi inatupwa nje na utalilaumu pezi bure.

Urefu sasa. Kata pezi jipya mm 65, liendeshe, punguza mm 3 kila mara, na usibadilishe kitu kingine kati ya mbio na mbio. Jaribu kwenye maji yenye viwimbi. Maji yaliyotulia yanaficha pezi fupi. Likianza kuachia, umeshapita, kwa hiyo andika kila kipimo kwa kalamu ya wino wa kudumu kwenye bapa, kisha chonga la pili refu kwa mm 3 kuliko hilo lililoachia.