MREJESHO: Tepu ya karatasi kwenye rangi ya gari kuukuu

Wakuu, niliuliza kama naweza kuzungushia tepu taa na raba za madirisha kabla ya kupiga polishi kwa mashine, bila tepu kuondoka na rangi. Kazi karibu imeisha, imebaki boneti tu, na rangi ipo salama.

Kwanza, tepu ya njano ya kawaida sikuitumia. Nilitumia ya bluu yenye gundi hafifu, na kila kipande nilikibandika kwenye suruali kwanza ili kipunguze ukali. Nikajaribu sehemu iliyojificha, ndani ya fremu ya mlango. Aliyesema tepu ikae juu ya raba na plastiki, siyo juu ya rangi, ubarikiwe. Nilifuata hivyo karibu kote.

Mlango wa nyuma ulishapigwa rangi upya zamani, na ukingoni klia (lile tabaka la juu lisilo na rangi linalolinda rangi) ilikuwa imeanza kuinuka kama ganda la kitunguu. Hapo sikuweka tepu kabisa wala mashine haikufika. Nilipolishi kwa mkono.

Kubandua ndiko kwenye kazi. Kuikunja irudi nyuma juu yake yenyewe, taratibu, siyo kuivuta juu kwa nguvu. Kipande kimoja kiligoma, nikakipasha kwa draya ya nywele, kikalegea. Gundi iliyobaki ilitoka kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Na gari lilikuwa kivulini muda wote, maana jua huoka gundi.

Nikimaliza boneti nitaweka picha.