Kampuni inataka tuwafanyie Mwaka Kogwa hotelini mwezi wa Disemba. Tuwajibu nini?

Kijana wa Makunduchi:
Assalaam aleikum ndugu zangu. Naomba ushauri, hasa kwa mnaotoka vijiji vyenye wageni wengi.

Kwetu ni Makunduchi, Kusini Unguja. Kila mwaka katikati ya Julai tuna Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya kufungua mwaka mpya. Kwa asiyeujua: wanaume wa upande wa Kusini na wa Kaskazini wanakutana uwanjani na kupigana kwa vipande vya migomba, kinyongo cha mwaka mzima kinaishia pale. Wanawake wanapita na nguo zao mpya wakiimba. Kisha kinachomwa kibanda cha makuti, aliyemo ndani anatoka mbio. Baada ya hapo ni kula, na nyumba isiyopata mgeni siku ile inajihisi ina nuksi.

Sasa imekuja kampuni ya utalii. Wanataka tuwafanyie mchezo huo kwenye ufukwe wa hoteli, nusu saa, mara mbili kwa wiki, msimu wa Disemba na Januari. Kibanda watajenga wao. Kila kijana atalipwa papo hapo. Wenzangu wengi wanataka, na siwalaumu, kazi hakuna. Wazee wamegawika. Shangazi yangu, ambaye ni katika waimbaji, amekataa katakata kwenda kuimbia watu walioko mezani wanakula.

La pili, siku yenyewe ya Mwaka gari za watalii hujaa hadi njiani. Wageni wameshalipa huko walikotoka, kijijini haibaki kitu. Mara ya mwisho kibanda kinawashwa tu, droni ikashuka juu yetu ikivuma, kina mama wakajifunika nyuso kwa kanga wakanyamaza. Wimbo ukakatika katikati.

Tukatae? Tuweke masharti? Na pesa ya halali tuipate wapi?

Nahodha Mstaafu:
Waaleikum salaam mwanangu. Mwaka haupangiwi tarehe na hoteli. Ule ni mwaka wa jua wa siku 365 usio na siku ya nyongeza, ndiyo maana kila baada ya miaka minne unarudi nyuma siku moja ukiulinganisha na kalenda ya ukutani. Siku zake tunazihesabu kwa miongo, kumi kumi, na kwa miongo hiyo wazee wetu walijua lini wapande na lini upepo utageuka. Mwaka unaingia kusi likivuma. Disemba upepo ni kaskazi. Mtafungua mwaka gani wakati huo? Mkichoma kibanda mara mbili kwa wiki, watoto wenu watakua wakijua kwamba kibanda huchomwa mgeni akilipa. Mimi nasema hapana, na sina la kuongeza kwenye hilo.

Paje Mjukuu:
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, vijana nao wanataka kula. Sisi Paje na Jambiani kina mama walianza kulima mwani kwa biashara mwaka 1989, wakapata pesa zao wenyewe kabla hoteli hazijajaa. Leo baharini kuna kamba za mwani na kuna watu wanaoteleza na matiara yao, na kina mama hawakuulizwa wanaonaje. Kwa hiyo, kijana, msiishie kwenye kukataa. Anayekataa bila kutoa njia nyingine anapitwa, na hoteli itaokota vijana kutoka popote iwavishe kanga iwaite Wamakunduchi. Nendeni na pendekezo lenu. Mna beni, ile ngoma ya tarumbeta, mna ngoma za harusi, hizo hazina tarehe wala kiapo. Wapeni hizo, kwa bei yenu, kwa mkataba wa maandishi.

Bint Kwale:
Salaam kutoka upande wa pili wa bahari. Nieleze ya kwetu, kwa sababu naona inafanana sana.

Tuna Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo karibu na Diani, pwani ya Kenya. Uliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Mijikenda. Hoteli zimetuzunguka, lakini mgeni hawezi kuingia tu kwa vile ana pesa. Anaanza kwetu, analipa, anasomewa masharti, anafungwa shuka nyeusi kiunoni, halafu anaingia na kijana wa hapahapa anayemwonyesha miti na dawa zake. Haokoti hata kijiti kikavu. Na ibada za wazee hazigeuzwi onyesho.

Ile shuka ina kazi kubwa kuliko bango lolote. Mgeni akishafungwa, anajua kwamba ameingia pahali penye wenyewe, anashusha sauti bila kuambiwa.

Kwa hiyo swali la kwanza kwenye kikao chenu lisiwe ni shilingi ngapi. Anzeni na hili: kitu gani hapa hakiguswi? Kiandikeni. Kwa maoni yangu ni kibanda, moto na tarehe. Mkishakubaliana, yaliyobaki mtapatana nayo.

Dereva wa Wageni:
Nasema kama dereva. Wekeni ada ya kuegesha gari na ada ya kiongozi wa kijijini, tutalipa. Lakini mtangaze mapema, miezi mingi kabla, kwa sababu safari zinauzwa na bei kufungwa zamani. Mkituambia Julai yenyewe getini, itakuwa ugomvi. Na kwa nini msilipishe na chakula? Wageni wangu wangependa sana kula nyumbani kwa mtu.

Kijana wa Makunduchi:
Ahsanteni sana. Kaka Dereva, hilo la chakula haliwezekani. Siku ile mgeni ndiye anayeleta baraka ndani ya nyumba. Bibi yangu akipokea pesa kwa sahani ya siku ya Mwaka atalia. Gari alipie, kiongozi alipie, kamera kubwa alipie. Akifika mlangoni, ni mgeni wetu, anakaa mkekani anakula kama tulavyo sisi.

Bi Mkubwa wa Kusini:
Hapo umesema, mwanangu. Sasa nikuulize: kwenye kamati yenu wanawake wangapi? Wanaopigwa picha karibu karibu ni sisi, na klipu zetu zinapita kwenye simu za watu wenye maneno yao. Droni nayo izuieni kabisa; nendeni kwa sheha, kiongozi wa serikali hapo kijijini, na kwa Kamisheni ya Utalii mkiwa na barua iliyotiwa saini, msiende kwa maneno. Na waimbaji waulizwe wenyewe wanapigwaje picha, wasisemewe na waume zao.

Paje Mjukuu:
Naunga mkono. Na akaunti iwe benki, watia saini watatu, mmoja mwanamke, hesabu zisomwe hadharani. Pesa ya utalii ikikaa mfukoni mwa mtu mmoja, kijiji kinapasuka.

Kijana wa Makunduchi:
Nimeyaandika yote. Bi Mkubwa, kwenye kamati mwanamke ni mmoja tu, na hilo nitalisema la kwanza. Kampuni nitawapelekea barua: Mwaka hautoki Makunduchi wala hauhami tarehe, lakini beni tunayo. Nahodha, tungeomba uje kwenye kikao uwaelezee vijana hesabu ya miongo. Wengi wetu hatujawahi kuelezwa.

Nahodha Mstaafu:
Nitakuja inshallah. Nambieni siku, na muwaite na wale wanaotaka kwenda hotelini. Hao ndio ninaotaka kuzungumza nao.