Naomba ushauri: Baba alitia nguo rangi kiwandani miaka 22, sasa ana saratani ya kibofu

Binti wa Mtia Rangi

Wanajamvi, shikamooni wakubwa zangu. Baba yangu, mwenye umri wa miaka 68, alifanya kazi katika idara ya kutia rangi ya kiwanda kimoja cha nguo, akipima unga wa rangi kwa mikono mitupu na kukoroga mapipa ya moto bila barakoa. Mwezi uliopita alikutwa na saratani ya kibofu cha mkojo. Daktari alipoisikia kazi yake, alitaja kemikali ziitwazo amini za aromatiki. Unga ule baba aliuvuta kwa pua na kuushika kwa ngozi. Imekuwaje ugonjwa uibukie kibofuni? Na kaka yangu, aliyefanya kazi humo miaka 4, achukue hatua gani?

Mwalimu wa Kemia

Pole sana, dada. Swali lako ni la zamani: mwaka 1895 daktari wa upasuaji Ludwig Rehn, wa Frankfurt, alieleza saratani ya kibofu kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi ya fuksini. Baadaye walaumiwa wakubwa walijulikana kuwa amini tatu za aromatiki: 2-naftilamini, benzidini na 4-aminobifenili.

Kemikali hizi hazidhuru sana pale zinapoingilia, kwa sababu zenyewe bado ni kama mbegu kavu. Zikifika kwenye ini, kimeng'enya kimoja huziongezea oksijeni, na hapo ndipo zinapoanza kuwa hatari. Ini hujaribu kuzifunga kwa asidi ya glukuroniki, kitu cha jamii ya sukari ambacho mwili hutumia kutolea taka, ili zitoke na mkojo, lakini mkojo wenye asidi hukifungua kile kifungo, na kwa kuwa mkojo hukaa kibofuni kwa saa kadhaa, kemikali iliyofunguka hupata muda wa kujishikiza kwenye vinasaba vya seli za ukuta wake. Seli inayogawanyika kabla ya kurekebisha kasoro hiyo huirithisha kwa vizazi vyake.

Kiungo kinachougua hutegemea vimeng'enya vilivyopo. Mbwa, ambaye hana uwezo wa kuzipoza amini hizi kwa kuziunganisha na asetili (kipande kidogo cha kemikali ambacho mwili huzibandika), alipopewa 2-naftilamini katika majaribio ya mwaka 1938 alipata uvimbe wa kibofu. Kemikali nyingine ya jamii hiyo, 2-asetilaminofluorini, humletea panya saratani ya ini, lakini simbilisi husalimika, kwa kuwa ini lake haliiongezei oksijeni ipasavyo. Binadamu nao hutofautiana: wenye kimeng'enya cha kubandika asetili kinachofanya kazi polepole huwa katika hatari kubwa zaidi ya saratani ya kibofu. Ajabu ni kwamba kwa amini za nyama iliyoungua kwenye moto mkali, kimeng'enya hichohicho kinaweza kuziamsha ndani ya utumbo mpana badala ya kuzipoza.

Muuguzi Mstaafu

Mwanangu, nina maswali mawili. Je, baba alikuwa akivuta sigara? Moshi wake una 4-aminobifenili na 2-naftilamini, kwa hiyo mvutaji wa kiwandani alibeba mzigo mara mbili. Je, alikulia kwenye maji yenye kichocho? Kichocho cha mkojo nacho huleta saratani ya kibofu, ingawa mara nyingi ni ya aina nyingine, na daktari anapaswa kujua.

Kaka yako amweleze daktari miaka aliyofanya kazi na majina ya unga anaoyakumbuka, apimwe mkojo, na siku akiona damu, hata bila maumivu na hata ikikoma yenyewe, aende hospitali bila kuchelewa. Ugonjwa huu unaweza kujitokeza miaka 20 au zaidi baada ya mtu kuacha kazi. Wewe ambaye hukuugusa unga huo hukurithi sumu kutoka kwa baba.

Binti wa Mtia Rangi

Asanteni sana. Baba alivuta sigara hadi mwaka 2009. Nilipomuuliza juu ya damu, alikiri kwamba aliiona mara mbili mwaka jana, ikakoma, akanyamaza ili asitutie wasiwasi. Kaka anakwenda hospitali Jumatatu, na jioni hii baba anamtajia majina ya rangi, naye anayaandika.

Muuguzi Mstaafu

Kaka yako aandike pia kazi halisi aliyoifanya: kupima unga, kukoroga au kusafisha mapipa. Na kama bado anavuta sigara, aanze kuiacha leo, asingoje majibu ya vipimo.