Lamborghini Egoista: gari zuri au fujo tupu? Tujadili

Mleta mada:

Wakuu, gari hili lipo moja tu duniani, na tangu Lamborghini walizindue Mei 2013, kwenye sherehe za miaka 50 ya kampuni pale kwao Sant'Agata Bolognese, watu hawajaelewana. Wapo wanaoliona kama ndege ya kivita iliyokatwa mabawa na kulisifia kwa hilo hilo. Wengine wanasema aliyelichora hakujua aishie wapi. Mimi niko upande wa wanaoliponda, ila sababu yangu si ile yao.

Wengi wanalalamika kwamba linatisha. Kutisha si kosa. Tangu lini Lamborghini ikaundwa ili ipendeze wazee barazani? Tena aliyesimamia kazi hii, Walter de Silva, si mtu wa kubahatisha. Ndiye aliyetupa Alfa Romeo 156, gari la familia ambalo vitasa vya milango ya nyuma vilifichwa pembeni ya dirisha ili ubavu ubaki safi. Mtu wa hivyo macho anayo. Ndiyo maana Egoista inaniuma.

Litazameni ubavuni kwanza. Ni fahali aliyeinamisha kichwa, mgongo umepanda, anataka kurusha pembe. Hapo nawavulia kofia. Sasa hamieni mbele: ncha huku, tundu kule, bapa juu ya bapa, na jicho halipati pa kutua.

Kinachonikera zaidi ni yale mambo ya ndege. Kiti ni kimoja, kimefunikwa na kuba la kioo cha rangi ya chungwa, wazo lililotoka kwenye helikopta ya Apache. Kutoka ndani ni shughuli: unachomoa usukani na kuuweka juu ya dashibodi, unafungua kuba, unasimama kitini, unakaa juu ya bodi upande wa kushoto mahali palipopangwa, halafu ndipo unazungusha miguu nje. Sawa, tuseme huo ni mchezo wa mwenye gari. Lakini juu ya paa wameweka taa nyekundu kushoto na ya kijani kulia. Ndege inazihitaji ili rubani mwingine gizani ajue imeelekea wapi. Gari litamwonyesha nani? Chini ya hayo yote kuna injini ya V10 ya lita 5.2 yenye nguvu farasi 600, na hiyo haikuhitaji kuazima heshima angani.

Linganisheni na Lamborghini Marzal ya 1967, nayo ilitengenezwa moja tu, kazi ya mchoraji Marcello Gandini akiwa Bertone, kampuni ya Italia ya kubuni magari. Milango karibu yote kioo, watu wanne wanakaa ndani kwa raha. Ilishangaza pia, lakini mwaka uliofuata ikazaa Espada, gari la kuuzwa na kuendeshwa barabarani. Egoista imezaa nini?

Mchangiaji:

Mkuu, kwenye ubavu tuko pamoja, kwenye kuzaa hapana. Ukitumia kipimo hicho utaitupa na Ferrari Modulo ya 1970, kazi ya Pininfarina, nao wabunifu wa magari wa Italia. Ile ina kimo cha sentimita 93.5 tu, imejengwa juu ya fremu ya gari la mbio la 512 S, na miaka mingi ilikaa haitembei. Haikuzaa gari lolote la kuuza. Mbona leo watu wanaiheshimu?

Halafu kuna jambo umeliruka. Mwaka ule ule 2013 Lamborghini walitengeneza Veneno wakaziuza tatu, kila moja euro milioni tatu kabla ya kodi. Mnunuzi wa Egoista wasingemkosa. Wakaamua ibaki kwao, iingie makumbusho. Kampuni iliyokataa pesa ya namna hiyo ilikuwa inajipa zawadi ya siku yake ya kuzaliwa, nawe unaidai faida. Taa za paa ni pambo, na pambo haliulizwi kazi. Vitu vingapi kwenye magari ya Kiitaliano vipo kwa ajili ya moyo tu?

Mleta mada:

Hoja ya Modulo ni nzito, naipokea nusu. Kuzaa peke yake si kipimo, haya. Lakini angalia Modulo ilivyo: maganda mawili yamekutana, mstari mmoja umezunguka kiunoni, basi. Ukiliona mara moja, kesho unaweza kulichora kwa kidole mchangani. Egoista nimetazama picha zake mara nyingi mno, na nikifumba macho nabaki na ule ubavu na rangi ya chungwa. Mbele yote imepotea.

Kuhusu pambo, mimi sina ugomvi nalo. Pambo likiwa moja linaonekana. Pale kuna taa za ndege, magurudumu ya malighafi ya kukwepa rada, maandishi ya kuonya usikanyage hapa, mikanda ya kiti ya rangi tofauti tofauti. Wamemvalisha yule fahali mpaka haonekani tena, na fahali ndiye aliyekuwa wazo zuri.

Kwa hiyo nawauliza mliowahi kusimama mbele yake pale makumbusho: ukiwa hatua mbili tu, ile sura inatulia kuliko kwenye picha? Kama inatulia, nielezeni ni kitu gani kinaishika.