Kijana wangu kakatwa kodi kwenye mshahara wake wa kwanza, hii hela inarudi?

MamaKijana_TX
Habari zenu wakuu, naombeni ushauri. Mwanangu ana miaka 16, tuko Texas, likizo hii ya 2025 kapata kazi yake ya kwanza kabisa supamaketi, anawafungashia wateja mizigo, dola 12 kwa saa, masaa 30 kwa wiki. Juzi kalipwa ya wiki mbili, alishapiga hesabu yake ya dola 720 na viatu keshavichagua, kufungua slipu anakuta 650 na senti 92. Kaja jikoni na simu mkononi ananiuliza mama nimekosea wapi? Roho iliniuma jamani. Kwenye slipu kuna mistari mitatu, Fed 14.00, OASDI 44.64, MED 10.44. Fomu W-4, ile ya kumwambia mwajiri akate kodi kiasi gani, alijaza peke yake siku ya kwanza, meneja alimwambia tu saini hapa. Hela inarudi au ndo imeenda? Na mimi nikifaili ritani ya kodi yangu nauongeza mshahara wake kwenye wangu?

Ngosha77
Pole sana mama. Mbona chini ya miaka 18 hakatwi Social Security, ile ya pensheni ya serikali? Mwambie adai yote.

DadaWaMishahara
Ngosha hapana, usimpeleke mtoto kwa meneja akaonekana msumbufu bure. Huo msamaha upo kweli ila ni wa mtoto anayefanya kazi kwenye biashara ya mzazi wake mwenyewe isiyo kampuni, sio supamaketi.

Mama kijana hajakosea chochote. Mimi kazi yangu ni kuandaa mishahara na kila likizo naona sura hiyo hiyo ya watoto. Hapo kuna makato ya aina mbili. OASDI ni Social Security, asilimia 6.2, MED ni Medicare, bima ya afya ya wazee, asilimia 1.45, hizo hazirudi, na mwajiri naye analipa kiasi kile kile juu yake. Hiyo 14 ya Fed ndo kodi ya mapato, na hii inarudi yote, sababu mashine inakata kama vile atafanya kazi mwaka mzima kwa mshahara huo wakati yeye ni likizo tu. Hata angefikisha dola 15,000 mwaka huu kodi yake ya mapato ni sifuri.

Ila hairudi yenyewe!! Mwisho wa Januari anapata W-2, karatasi ya mwajiri ya mshahara na makato ya mwaka, anafaili ya kwake hata kama halazimiki, ana miaka 3 ya kuidai ila kwa nini asubiri. Mshahara wake hauingii kwenye kodi yako. Tena akifaili lazima aonyeshe kwamba yeye ni tegemezi wa mtu mwingine, yaani wewe, akisahau hapo fomu yako inagongana na yake, nimeona familia zimehangaika miezi na hilo.

Baba_Pacha
Naongezea, kama mwaka jana hakudaiwa kodi ya mapato na mwaka huu hatarajii kudaiwa, anaweza kujaza W-4 mpya akaandika Exempt, yaani asikatwe, ile ya Fed inakoma. Ya Social Security na Medicare inaendelea. Na iwe upya kila mwaka kabla ya tarehe 15 Februari.

MamaKijana_TX
Asanteni mno, kumbe. Sasa nimepiga hesabu, wiki 10 ni dola 3,600, Fed itarudi 70, ila zile nyingine ni 275 na senti 40, nyingi kwa mtoto. Namwambiaje zinaenda wapi?

DadaWaMishahara
Mwambie ni zake kwa namna fulani. Ili uje kulipwa pensheni ya Social Security unahitaji krediti 40, kwa mwaka huwezi kupata zaidi ya 4, na mwaka huu wa 2025 kila dola 1,810 alizolipwa ni krediti moja. Mbili ni 3,620. Yaani huyo kijana kwa 3,600 anapata moja na ya pili anaikosa kwa dola 20 tu.

MamaKijana_TX
Nimemsomea hapa hapa mezani. Kakaa kimya, kachukua kalamu akagawa 20 kwa 12, kesho anaenda kumuomba meneja masaa mawili ya ziada.