Mwanangu anataka kuwa Dkt. Wily wa kwenye gemu ya Mega Man, naombeni ushauri

Baba Uyole

Wakuu, habari za jioni. Naandika roho haijatulia, naombeni mnisome mpaka mwisho kabla ya kunijibu.

Mimi ni mfanyabiashara wa viazi hapa Uyole, Mbeya. Wiki nyingi niko njiani na mzigo kwenda Dar, nyumbani nalala siku mbili tatu kisha naondoka tena. Nina mtoto wa kiume wa miaka 11, yuko darasa la tano. Mwaka jana nilimnunulia PS2 ya mtumba pale Mwanjelwa, ikaja na diski moja yenye gemu nane za Mega Man, kile kiroboti cha bluu kinachopiga risasi kwa mkono. Sikuona ubaya. Niliona bora acheze ndani kuliko kuzurura barabarani na malori haya yanayoshuka kutoka Tunduma.

Kiroboti hakina tatizo. Tatizo ni kwamba mwanangu kampenda adui. Mle ndani kuna mzee anaitwa Dkt. Wily, mwanasayansi mwenye upara katikati na nywele zilizosimama pembeni, sharubu nene, koti jeupe. Ana ngome yenye sura ya fuvu na anatengeneza maroboti ya kuitawala dunia. Sasa nyuma ya banda la kuku mtoto kaandika kwa mkaa MAABARA YA DKT. WILY, na fuvu juu yake. Redio yangu ya kaseti kaifungua yote, vipande kavipanga kwenye sahani.

Kilichonileta hapa ni mambo mawili. Wiki iliyopita niliitwa shuleni. Darasa lilipewa insha ya "Nitakapokuwa Mkubwa". Wenzake wameandika udaktari, urubani, uaskari. Wangu kaandika kwamba atakuwa Dkt. Wily, atatengeneza maroboti manane na dunia itamsikiliza. Insha ikasomwa mbele ya darasa, wote wakacheka. Mimi nikaulizwa kama nyumbani kuna shida.

La pili ndilo linaloniumiza. Tunaishi na mtoto wa marehemu dada yangu, wako darasa moja. Huyu mpwa wangu alitengeneza gari la waya zuri kabisa, lina usukani na springi. Mwanangu akalichukua usiku, akang'oa magurudumu, akafunga mota ya ile redio na betri. Asubuhi gari likawa linatembea lenyewe uani, naye anamwambia mwenzake, "Nimelibadilisha, sasa ni langu." Nimekuja kuambiwa kwamba hivyo ndivyo Wily anavyofanya kwenye gemu, anachukua maroboti ya mwenzake na kuyageuza.

Nilimkalisha nikamuuliza, kwa nini usimpende Mega Man ambaye ni mwema? Akanijibu, "Baba, Mega Man hajatengeneza kitu. Yeye katengenezwa."

Nilikosa la kusema. Mama yake anataka tuichome ile diski. Mnanishaurije?

Mzee wa Makambako

Diski iondoke leo. Mtoto huiga anachokitazama. Insha, fuvu, na sasa wizi ndani ya nyumba, unasubiri nini?

Kaseti ya Njano

Baba Uyole, usichome kitu kwanza. Mimi ni wa Iringa, nimekulia kwenye vibanda vya gemu vya kaseti za njano, enzi hizo gemu yenyewe ikiandikwa Rockman, jina lake la Japani. Huyo mzee namfahamu vizuri, nakuomba umjue na wewe.

Gemu ya kwanza ilitoka 1987, kampuni ni Capcom. Kuna wanasayansi wawili waliokuwa pamoja, Dkt. Light na Dkt. Wily. Light alitengeneza maroboti ya kazi: Cut Man wa kukata miti, Guts Man wa kubeba mawe kwenye ujenzi, Bomb Man wa kulipua ardhi, Ice Man wa kufanya kazi kwenye baridi kali, Fire Man wa kuchoma taka, Elec Man wa mitambo ya umeme. Sifa zote zikaenda kwa Light. Wily akayaiba hayo sita na kuyageuza yapigane. Mega Man mwenyewe alikuwa Rock, kiroboti cha kusaidia kazi maabara, ndiye aliyejitolea abadilishwe awe wa vita. Kwa hiyo mwanao kasema kweli, Rock katengenezwa. Ila mwambie pia kwamba aliamua mwenyewe, hakulazimishwa na mtu.

Kwenye ya pili, 1988, Wily anatengeneza manane yake mwenyewe, ndiyo hayo manane ya kwenye insha. Metal Man, Air Man, Quick Man, kila mmoja na silaha yake, na ukimpiga unaichukua silaha ile ukamtumie mwenzake anayeiogopa. Mtoto anayejua nani anaogopa nini kati ya manane ana kichwa cha kufikiri, nakuhakikishia.

Uovu wa Wily ni uongo. Kwenye ya tatu anajifanya katubu, anafanya kazi na Light kutengeneza roboti kubwa la amani liitwalo Gamma, kisha analiiba. Kwenye ya nne anamteka binti wa mwanasayansi mwingine, Dkt. Cossack, ili baba yake apigane kwa niaba yake. Kwenye ya sita anajiita Mr. X na kuvaa ndevu za bandia. Kila akishindwa anapiga magoti anaomba msamaha, na gemu inayofuata yuko palepale. Mwanao ana diski ya nane zote, kwa hiyo kamwona akipiga magoti mara nyingi. Muulize anaionaje ile.

Mama Watatu

Baba Uyole pole. Naomba nikuulize jambo ambalo halihusu gemu. Huyo mpwa wako darasani anakuwa wa ngapi? Na mwanao?

Baba Uyole

Mpwa anakuwa wa kwanza kila muhula. Wangu ni wa tatu, wa nne, mara moja alikuwa wa pili.

Mama Watatu

Siku ya matokeo huwa mnasema nini nyumbani?

Baba Uyole

Mama Watatu, nimekaa na simu mkononi karibu saa nzima nisijue nijibu vipi. Nitasema kama ilivyo.

Mpwa namnunulia kitu. Ni yatima, nataka ajione yuko kwao. Safari iliyopita nilimletea viatu. Wangu nilimwambia, "Mwangalie mwenzako." Nimeyasema hayo miaka yote na sikuwahi kudhani ni neno zito.

Kuna jingine. Mwezi wa sita, baridi imekaza, nimefika usiku kutoka Dar, naanza kuhesabu hela za watu wa shamba. Akaja na kitu alichokitengeneza, kopo la rangi lina mikono ya waya na taa mbili za tochi kwa macho. Nikamwambia aondoe hizo takataka mezani. Akaliweka nje karibu na mlango. Asubuhi yake uwanja ulifagiliwa, likachomwa pamoja na maganda ya viazi. Hakulia wala hakuuliza. Lile fuvu la mkaa lilitokea wiki hiyohiyo. Naliona leo hii ninavyoandika.

Kaseti ya Njano

Kaka, hapo sasa kuna gemu ambayo mwanao hajaiona, Mega Man 11 ya mwaka 2018. Inaanza kwa kuonyesha ujana wao. Light na Wily wako chuo. Wily ana utafiti wake, mtambo unaoweza kumpa roboti yeyote nguvu na kasi kupita kiasi. Light anapinga, anasema unawaumiza maroboti, yeye anataka roboti linaloweza kufikiri na kuamua lenyewe. Wakubwa wanauchagua utafiti wa Light, wa Wily unawekwa pembeni. Miaka mingi baadaye Wily anaota ile siku, anaamka na kuumalizia mtambo wake kwa hasira. Ninachokipenda zaidi ni kwamba Mega Man anamshinda akiwa amefungwa mtambo uleule, ule wa kwanza, ambao Light aliuhifadhi miaka yote. Maana yake kazi ya Wily haikuwa takataka.

Nilipoicheza nikiwa mtu mzima nilisimamisha kwanza nikatoka nje.

Mwalimu wa Fizikia, Mafinga

Nimesoma kimya tangu juzi. Naongeza mawili, na la kwanza halitampendeza kila mtu.

Gari la mwenzake ni lazima litengenezwe upya, na alitengeneze yeye kwa mikono yake. Msimwonee huruma hapo. Huyo binamu ni yatima na gari lile lilikuwa kazi yake. Ukiendelea kumfikiria wako peke yake utamgeuza huyu mwingine kuwa Wily. Kupiga magoti na kusema samahani hakutoshi, ndicho anachokifanya yule mzee kila mara. Magurudumu yarudi, springi zirudi. Akishamaliza, mota aifunge kwenye gari lake mwenyewe.

La pili ni insha. Isomeni tena. Mtoto hakuandika kwamba dunia itamwogopa. Kaandika itamsikiliza.

Huku kwetu tuna mfano. Erasto Mpemba, mwaka 1963, akiwa mwanafunzi Magamba kule Lushoto, aliona maziwa ya aiskrimu aliyoyaweka kwenye friza yakiwa bado ya moto yameganda kabla ya yale yaliyopoa. Alipouliza, akachekwa na kuambiwa amechanganyikiwa. Akaja Mkwawa, hapa Iringa, akalibeba swali lake. Siku moja mwanafizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, alikuja kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama akauliza, wenzake wakacheka tena. Osborne hakumjua kijana yule wala hakuamini kwamba jambo lenyewe linawezekana, lakini aliporudi Dar akalifanyia majaribio. Mwaka 1969 wakachapisha andiko pamoja, na hadi leo wanafizikia wanabishana juu ya jambo linalobeba jina la mwanafunzi aliyechekwa. Kila mwaka nawasimulia kidato cha kwanza, na kila mwaka kuna mmoja anayenyamaza kabisa wakati wengine wanapiga makofi. Huyo ndiye ninayemtafuta baada ya kipindi.

Ukirudi nyumbani muulize hayo maroboti manane yatafanya kazi gani. Halafu unyamaze mpaka amalize.

Fundi wa Mwanjelwa

Mimi nazungumzia usalama. Betri na mota ndogo acha afanye atakavyo. Asiguse kitu chochote kilichochomekwa ukutani, na TV ya chogo asiifungue hata kama imezimwa tangu jana, ndani inabaki na umeme wa kumwangusha mtu mzima. Nimeshuhudia. Redio ya kaseti haina shida, chomoa waya, toa betri, fungua. Mlete Jumamosi akae na mimi mezani, nitampa redio mbovu azifungue. Njoo na yule binamu yake pia. Aliyesuka springi za waya mimi namtaka.

Mzee wa Makambako

Nimesoma yote. Bado nasema saa za kucheza ziwe na mpaka, siku za shule diski ikae kwa mama. Ila kuchoma nimefuta kauli.

Baba Uyole

Mrejesho, wakuu. Nimechelewa kwa sababu ya safari.

Gari la mpwa limerudi, lilichukua siku nne. Springi zilimshinda, ikabidi amwombe mwenzake amwonyeshe, nikawakuta wamekaa juu ya gunia moja kila mtu na waya wake. Kwa lile kopo nilimwambia mimi mwenyewe, mama yake akiwepo, kwamba nilikosea kuiita kazi yake takataka. Akaniuliza kama najua zile taa mbili zilitoka wapi. Nikasema sijui. Akasema kwenye tochi yangu niliyokuwa naitafuta tangu Pasaka.

Nikamuuliza juu ya maroboti manane. Mwalimu, ana daftari. Wa kwanza ni wa kuosha viazi. Wa pili wa kupakia magunia, kachora mgongo wake wa chuma, anasema wapakiaji wetu wanaumia. Wa tano wa kuwasha moto wakati wa baridi kabla mama hajaamka. Wa nane ni wa kuendesha lori usiku. Yote yana majina yenye Man kwa nyuma kama ya kwenye gemu, huyo wa kuosha anaitwa Viazi Man.

Nikamuuliza na lile la kupiga magoti. Akasema Wily anaomba msamaha kwa sababu kashindwa, angeshinda asingeomba. Akanyamaza, kisha akasema, "Mimi gari nimelitengeneza wakati hamkunipiga."

Fuvu nimeliacha ukutani. Diski inatoka Ijumaa jioni na kurudi kwa mama Jumapili. Mzee wa Makambako, asante.

Fundi, Jumamosi tunakuja watatu. Gari lake jipya ni zito, ile mota inaliendesha kwenye sakafu tu, kwenye kilima cha nyuma ya nyumba linagoma. Betri nimeongeza, bado. Unayo mota kubwa kidogo au ni mambo ya giya?

Fundi wa Mwanjelwa

Ni giya. Njooni na gari lenyewe, msilifungue.