Nimejibu maswali ya wafugaji tangu 2021, tuzo kapewa mzee wa "Pole mkuu, muone daktari"

Wakuu, heshima kwenu.

Huu uzi nimeuandika mara tatu nikaufuta. Leo siufuti.

Mimi ni mshauri wa kujitolea kwenye tovuti moja ya ushauri wa mifugo. Sitaji jina lake, wanaoijua wameshaijua. Upande wangu ni kuku. Nina diploma ya mifugo, nina banda langu nyuma ya nyumba, na tangu 2021 karibu kila usiku nikishakula nafungua simu naanza kujibu watu. Mshahara hakuna, bando natoa mfukoni. Hilo nililijua wakati naingia na sijawahi kulilalamikia.

Ijumaa wametangaza Mshauri Bora wa Mwaka. Kapewa simu janja na cheti cha mhuri. Nikaingia kwenye wasifu wake, nikakaa nasoma majibu yake moja moja mpaka mke wangu akaniuliza kuna nini. Karibu yote ni hili: "Pole mkuu, muone daktari wa mifugo aliye karibu nawe." Kuku wanaharisha damu, pole mkuu. Kuku kavimba uso anatoa harufu, pole mkuu. Kuna mtu kauliza bei ya vifaranga, naye kapewa pole akamuone daktari! Picha ya skrini ninayo.

Na wala simlaumu jamaa, kasoma mchezo kuliko sisi. Mfumo unatoa pointi 5 kwa kila swali unalojibu na pointi 1 kwa kila laiki. Ukijibu kwa neno moja ni 5, ukikesha na mtu ni 5 hiyo hiyo.

Niwape mfano. Mwaka jana mama mmoja wa Makambako alirusha swali saa 5 kasoro usiku. Kuku wake wa kienyeji wamepinda shingo, kinyesi cha kijani, asubuhi kaokota sita wamekufa. Wa kwanza kumjibu, ndani ya dakika moja, kamwambia anunue antibaiotiki ya unga achanganye na shubiri, wiki moja wamepona. Laiki zikamiminika. Mimi nikaanza kumuuliza: umechanja lini? Kuna kuku mgeni ameingia? Akasema Jumapili alileta jogoo kutoka mnadani. Hapo mtu yeyote wa kuku ameshajua. Kwa dalili zile nilikuwa naiona kideri, wengine mnaita mdondo, na kideri haina tiba. Nikamwambia ukweli huo, asitupe hela kwenye dawa, atenge wanaoumwa, waliokufa awafukie shimo refu, asiuze hata mmoja, na kukicha ampigie afisa mifugo wa kata. Akalia. Ndiyo, kwa maandishi mtu analia na unaona. Tuliandikiana jumbe 41, tumemaliza saa 8 usiku. Baadaye nikamwelekeza chanjo ya matone ya I-2, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, na kwamba humkinga kuku mzima, haimponyi anayeumwa.

Kwa kazi ile nilipata pointi 5 na laiki 2. Halafu nikakatwa 10, kwa sababu yule wa shubiri nilimwambia "acha kumdanganya mama wa watu", akanishtaki kwa modereta kuwa sina staha. Kwa hiyo kumsahihisha mtu anayepotosha kumenitia hasara, na jibu lake bado lipo pale juu na laiki zake.

Msiniambie ni ugumu wa teknolojia. Yahoo Answers, tovuti ya maswali na majibu, walitoa pointi 2 kwa kila jibu, liwe zuri liwe takataka, watu wakawa wanaandika "sijui" ili wachukue 2 zao. Walifunga duka Mei 2021. Stack Overflow, tovuti ya maswali ya waandaa programu za kompyuta, angalau walifikiri: jibu likipigiwa kura ni pointi 10, aliyeuliza akilikubali unaongezwa 15, likipingwa unakatwa 2. Muulizaji anaweza hata kutoa pointi zake mwenyewe kama dau kwa atakayemsaidia. Nao wana lawama zao, lakini pale kuandika tu hakukupi kitu.

Sasa kuna mjumbe wa kamati kaniambia basi tuwe tunawauliza wafugaji kama kuku walipona. Hapana! Kwenye kideri ushauri mzuri ni ule ambao kuku wanakufa lakini hela ya dawa inabaki na jirani haambukizwi. Ukipima kwa kupona, sisi wa habari mbaya hatutoki chini. Muulize mama baada ya wiki mbili: ulielewa ulichoambiwa? Ulikifanya? Ukipata shida tena ungemtafuta mtu huyu? Maswali matatu kwa ujumbe mfupi, yanatosha. Na wanaosahihisha wenzao watambuliwe, kwa sababu hiyo ndiyo kazi isiyo na laiki.

Jingine, na hili ndilo limenichoma kuliko simu. Ripoti waliyowapelekea wafadhili ina maelezo yangu ya kideri, ukurasa mzima, neno kwa neno, mpaka kosa langu la tahajia limo. Chini wameandika "timu yetu ya wataalamu". Timu gani? Nilikuwa peke yangu, simu iko kwenye chaji. Kuandika jina la mtu kunagharimu nini? Barua inayosema fulani amefanya hiki na hiki ningeiambatanisha nikiomba kazi. Badala yake tumetumiwa beji ya nyota kwenye simu, eti "Mtumiaji Hai". Mtumiaji!

Wanaosema kujitolea hakudai kitu, wakawasome AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani. Wale walikuwa na maelfu ya wasimamizi wa kujitolea, wengi wakilipwa kwa kuunganishiwa huduma bure. Mwaka 1999 baadhi wakaenda mahakamani Marekani, na 2010 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 15. Mimi sina mpango wa mahakama, nauli yenyewe sina.

Najua atakuja mtu hapo chini kuandika "kama umechoka si uache". Nimejaribu, wiki nzima sikufungua. Jana nikafungua, kijana wa Kahama anauliza kwa nini vifaranga wake wa siku nne wanarundikana chini ya taa wanalia. Baridi hiyo, kijana, ongeza joto, ziba upepo, usiku ukaamke uwaangalie. Nimemjibu.

Pointi 5.